Kadi ya Dhahabu, Wete

Shaame wa benki kaileta mwenyewe hadi Kipangani,
ndani ya bahasha nyeupe inayonukia gundi.
Suruali aliyovaa nimeikata mimi,
na upindo wa mguu wa kulia bado ananidai,
kwa hiyo sikuweza kumfukuza.

"Bi Salhina," kasema, "mwaka wa kwanza bure.
Kuanzia wa pili, laki moja na themanini tu."
Ile "tu" niliisikia ikianguka kwenye saruji
kama sindano: huioni
mpaka uikanyage.

"Mwaka wa nani?" nikamuuliza. "Wa mwezi au wa jua?
Maana wangu umepungua siku kumi na moja."
Kacheka. Mie sikuwa nafanya mzaha.

Nikazima cherehani, nikafungua daftari.

Laki na themanini ni ushoni wa madira sita,
uzi wangu, mgongo wangu.
Ni umeme wa miezi minne,
na mmoja wao uwe Ramadhani, nakesha na sare za watoto.

Napewa nini? Pointi.
Pointi hazilipi nauli ya boti kwenda Unguja, nimeuliza.
Bima ya mizigo. Hapo nikanyamaza,
kwani mwaka juzi begi langu la Dubai
lilinifikia Idi ishatoka,
nikaiuza shifoni nzima kwa bei ya matambara.

Riba je?
"Ukilipa ndani ya siku arubaini, hakuna."
Na siku ya arubaini na moja?
Shaame kaangalia viatu vyake.
Ada ni ujira, hilo limenikaa.
Siku ya arubaini na moja ndiyo inayoninyima usingizi,
maana wateja wangu hulipa karafuu zikikauka,
na karafuu hazisomi kalenda ya benki.

Halafu kuna kile chumba cha uwanja wa ndege:
makochi, chai, sambusa za bure.
Safari iliyopita mimi na Zuwena tulilala juu ya marobota,
viatu chini ya kichwa,
tukimegeana mkate wa kumimina uliokwisha kukauka.
"Na Zuwena ataingia?"
"Mwenye kadi peke yake. Mgeni hulipiwa."
Nikajiona nimekaa kwenye kochi, kikombe mkononi,
na nje ya kioo
Zuwena ananilindia mizigo.
Kwenye mstari huo sikuandika namba.

Usiku nikapekua kurasa za nyuma.
Bimkubwa Faki, madira mawili, atalipa vuli.
Mke wa Khatib, sare ya harusi, kabakisha elfu ishirini
na harusi yenyewe ishavunjika.
Marehemu Mkasi, sketi ya skuli ya mjukuu. Nimemsamehe.
Nikacheka peke yangu hadi paka akaamka.
Miaka kumi na tisa mtaa huu unatembea na kadi yangu!
Haing'ari, haina ada,
na siku ya arubaini na moja
mtu huniletea mkungu wa ndizi na samahani.

Asubuhi Shaame karudi, kalamu sikioni.
Nikatia saini. Usinitazame hivyo, Zuwena,
bure ni bure, na begi langu lile silisahau.
Kadi nimeitia kwenye kopo la vifungo,
juu kabisa, nisije nikadai sikuiona.
Kwenye kalenda ya msikiti nimezungushia duara
mwezi mmoja kabla mwaka wao haujaisha,
nikaazima na ya ukuta ya duka la Hamad, kwa usalama.

Na chini ya mke wa Khatib, kwa wino uleule,
nimeandika:
Benki. Nnamdai laki moja na themanini.
Kaahidi mwenyewe. Tutaona.

Kisha nikamwambia Shaame avue suruali,
nimalizie ule upindo.